Uzi maalumu: Kupanga nyumba ya Shirika (NHC), unachopata, unachokosa na cha kukagua kabla hujasaini

KotaYaZamani

Habari zenu wakuu. Maswali ya nyumba za Shirika yanajirudia kila mara, na majibu mengi yanatoka vijiweni. Tuyaweke hapa pamoja, mwenye utaalamu wake aongeze, mwenye kuona kosa asahihishe.

Nazungumzia nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, ambazo wazee mpaka leo wanaziita "nyumba za Msajili". Jina hilo lina sababu yake, na ukiielewa utajua kwa nini nyumba mbili za Shirika hilohilo hazifanani hata kidogo. NHC iliundwa 1962, na miaka ya mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kujenga nyumba za gharama nafuu, Magomeni ikiwa mfano unaojulikana zaidi. Halafu 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo. Majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 za wakati huo yakachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili ikavunjwa na mali zake zikahamia NHC. Kwa hiyo ghorofa nyingi za Upanga, Kisutu na katikati ya mji zilijengwa na watu binafsi kabla ya 1971, kila moja kwa fundi wake na mabomba yake. Usiulize "nyumba za NHC zikoje". Uliza jengo hili limejengwa lini na nani.

Faida ya kwanza ni fedha ya kuingilia. Chukua nyumba ya mtu binafsi Dar yenye kodi ya 350,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, hiyo ni 2,100,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 350,000 nyingine. Bado hujalipa hela ya kuonyeshwa nyumba, na tayari uko 2,450,000. Kwa Shirika kodi inalipwa mwezi kwa mwezi kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number), na dalali hahitajiki. Kwa mtu wa mshahara hiyo tofauti ni kubwa kuliko punguzo lolote la kodi.

Ya pili ni utulivu. Mwenye nyumba wako hana mtoto anayeoa ghafla akihitaji chumba. Hafi ukaachiwa warithi watano kila mmoja anataka kodi yake. Hapandishi kodi kwa sababu umenunua gari.

Ya tatu, kodi za majengo mengi ya zamani ziko chini ya soko. Lakini hilo lisikulevye, nitarudi.

Hasara: ukarabati unakwenda polepole, majengo yamechoka, huwezi kubadilisha kitu bila kibali, na siku jengo likiingia kwenye mpango wa ubia (Shirika na mwekezaji kujenga upya) unaondoka. Karibuni.

Fundi_Msimbazi

Mkuu umefungua vizuri. Mimi niseme ya ukaguzi, maana watu wanaangalia rangi na vigae basi.

Maji kwanza. Nenda asubuhi, fungua bomba la jikoni kabla halijatumika. Yakitoka mekundu kwa sekunde kadhaa kisha yakasafika, ujue mabomba ni ya chuma na yameliwa kutu kwa ndani. Halafu chukua ndoo ya lita 20 uipime kwa saa. Ikijaa chini ya dakika mbili, uko salama. Ikichukua dakika tano, sita, tundu la bomba limebaki kama la kalamu, na pampu haitakusaidia. Pampu ikivuta kwa nguvu kwenye bomba la namna hiyo inafumua viungo, na aliye chini yako ndiye anayelowa. Dawa yake ni kubadilisha bomba lote linalopanda toka chini, na hiyo ni kazi ya mwenye jengo.

Pili, dari na vibaraza. Ukanda wa pwani hewa ina chumvi. Chumvi inaingia kwenye zege mpaka kwenye nondo, nondo inakula kutu, kutu inavimba, zege linapasuka. Utaona ufa ulionyooka ukifuata nondo, wakati mwingine na doa la kahawia linalochuruzika. Gonga dari kwa mpini wa ufagio. Sauti ikiwa ngumu, zege limeshika. Ikiitika kama debe tupu, zege limeachana na nondo na ipo siku kipande kitaanguka. Akija mtu na ndoo ya sementi kuziba juu juu, mkatalieni. Kiraka hicho hakimalizi masika mawili. Inatakiwa zege bovu livunjwe mpaka nyuma ya nondo, nondo isuguliwe ing'ae, ipakwe dawa ya kuzuia kutu, ndipo izibwe kwa mchanganyiko maalumu wa kukarabati zege.

Tatu, umeme. Nyumba za zamani nyingi zina nyaya mbili tu, waya wa ardhini haupo. Fungua kifuniko cha soketi moja utazame (zima swichi kuu kwanza). Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakula zaidi ya wati 1,000, birika wati 2,000, pasi 1,000 na zaidi. Weka vyote kwenye waya wa milimita za mraba 1.5 uliowekwa kwa ajili ya taa, unapika ukuta. Kiyoyozi kinataka waya wake wa 2.5 toka kwenye kabati la umeme na swichi yake ya kukata ya ampea 20.

Nne, choo. Mwaga ndoo nzima ya maji chooni, kisha kimbia ukasikilize kwenye karo la bafuni. Likigugumia au maji yakipanda, bomba la maji taka la jengo limeziba kwa chini. Hilo halizibuliwi toka kwako, linazibuliwa toka kwenye chemba.

BintiKisutu

Asante fundi. Kwenye umeme niongeze LUKU (umeme wa kulipia kabla), kwa sababu hapo ndipo mpangaji mpya anapoumia bila kujua.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayekatwa ni mwenye kununua umeme, na serikali ilisema wazi kwamba mpangaji amalizane na mwenye nyumba. Sasa, mita ikikaa miezi bila kununuliwa umeme, makato yanalimbikizwa na yanakusubiri wewe.

Fanya hivi kabla ya kukabidhiwa funguo: nunua umeme wa 5,000 kwa mita hiyo, soma risiti mstari kwa mstari. Kwa bei ya kawaida ya 292 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, uniti moja inafika kama 356. Elfu tano inatakiwa ikupe uniti 14. Ukipata 9.8 ujue imekatwa 1,500. Ukipata mbili au tatu, kuna deni, na risiti itakuonyesha. Ichapishe, uiambatanishe na fomu ya makabidhiano.

Ngosha_Kinondoni

Wakuu swali. Kuna mtu Kariakoo ana nyumba ya NHC, anasema anahama na ananiachia kwa kilemba (hela ya kuachiwa nyumba) cha milioni 4. Kodi yenyewe ni ndogo sana ukilinganisha na mtaa ule. Anasema nitakuwa nalipa kwa jina lake, "hakuna shida, wote wanafanya hivyo". Ushauri?

MtuWaSheria

Ndugu yangu Ngosha, usitoe hiyo hela. Nitaeleza kwa nini, na nisingependa uisome kwa haraka.

Mkataba wa upangaji wa Shirika ni wa mtu aliyesaini. Hauuzwi, hauhamishwi, na haupangishwi tena bila ridhaa ya Shirika. Anachokuuzia huyo si chake. Ukishaingia, mbele ya Shirika wewe hupo. Jina lako halipo kwenye mkataba wala kwenye risiti. Tazama njia unazoweza kupotezea nyumba: (1) uhakiki wa wapangaji ukifika, anayekutwa ndani si mwenye mkataba, mkataba unavunjwa, (2) yeye anaacha kulipa huku wewe unampa kodi kila mwezi mkononi, notisi inabandikwa mlangoni kwako, (3) anafariki, watoto wake wanakuja kudai nyumba ya baba, (4) anapata mwenye kilemba cha milioni 6. Katika yote manne huna pa kushika, kwa sababu makubaliano yenu yenyewe yanavunja mkataba wa msingi. Hata ukimfungulia madai ya milioni 4, utaanza kwa kukiri ulichokuwa unafanya.

Kodi ndogo unayoiona ndiyo inayozaa kilemba. Mwenye mkataba anakula tofauti kati ya kodi ya Shirika na bei ya soko, Shirika linakosa fedha ya ukarabati, na anayelala ndani analipa bei ya soko bila ulinzi wowote. Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika nyumba hizi, na inastahili kusemwa kwa sauti kuliko mabomba.

Ukitaka nyumba, omba mwenyewe ofisi ya Shirika ya mkoa, kwa maandishi, na ufuatilie nyumba zinazotangazwa kuwa wazi. Mtu yeyote anayekuomba fedha kwenye namba yake ya simu badala ya kumbukumbu namba ya malipo, achana naye.

Ngosha_Kinondoni

Nimeelewa mkuu. Namrudia nimwambie hapana.

Mlimani_J

Kuhusu kufukuzwa: mbona mnatisha watu? Mpangaji akionewa anakwenda kwanza baraza la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mambo yanaisha huko. Sheria ni ileile kwa kila mwenye nyumba.

MtuWaSheria

Mkuu Mlimani, hapo ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linagharimu miezi.

Njia uliyoitaja ni sahihi kwa mwenye nyumba binafsi. Na hata huko, tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata halihukumu tena, linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 unaendelea wilayani.

Kwa Shirika la umma mambo yalibadilika 2020. Sheria ya mashauri dhidi ya serikali ilirekebishwa ili ijumuishe na mashirika ya umma. Kwa hiyo kabla ya kulishtaki unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Ukikimbilia Baraza la Wilaya, shauri litatupwa kwa kukosa mamlaka hata kama una haki tupu. Wakati huohuo notisi uliyopewa ya kuhama kwa kawaida ni ya siku 30. Pigeni hesabu wenyewe, 30 na 90.

Ndiyo maana kwa mpangaji wa Shirika ulinzi wa kweli ni karatasi, tena mapema. Ukipata notisi ya deni usingoje siku ya 29. Wiki ya kwanza nenda na risiti zako zote, omba taarifa ya akaunti ya upangaji wako, linganisha mwezi kwa mwezi. Makosa ya kuingiza malipo yapo: mtu amelipia namba iliyokwisha muda, au malipo yameingia kwa mpangaji mwingine. Kama deni ni la kweli, andika barua ya kuomba kulipa kwa awamu, taja kiasi na tarehe, lipa awamu ya kwanza siku hiyohiyo, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haina kazi.

Mlimani_J

Hilo la 2020 lilinipita kabisa. Nashukuru kwa kusahihishwa.

Mkaazi254

Salamu kutoka Nairobi. Nauliza: mtu akilipa kodi miaka 30 kwa NHC yenu, si nyumba inakuwa yake? Huku kwetu chini ya sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri analipa kiwango sawa, na mpango mkubwa ni mtu kulipa polepole hadi amiliki.

KotaYaZamani

Hapana ndugu, kodi ya miaka 30 ni kodi tu. NHC ina nyumba za kuuza na ina nyumba za kupangisha, mpangaji hageuki mnunuzi kwa kukaa muda mrefu. Kilicho karibu na hicho chenu ni Magomeni Kota: kaya 644 zilizoondolewa kupisha ujenzi zilirudishwa kwenye ghorofa mpya zilizozinduliwa 2022, kwa utaratibu wa kununua. Lakini zile ni za Wakala wa Majengo, TBA, si za NHC. Watu wanazichanganya sana.

Na hapa niseme ninachokiamini. Tunaziita nyumba za umma, ila mfumo wa kupima nani ana kipato kidogo ili apewe yeye kwanza haupo. Shirika linatakiwa kujiendesha kibiashara, kodi ndiyo fedha yake. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984, iliyokuwa inaweka ukomo, ilifutwa 2005. Kwa hiyo ile kodi ya chini ya soko haina ulinzi wa sheria. Ni hali tu ya leo. Mtu anayepanga maisha yake ya miaka kumi juu ya kodi hiyo anajenga kwenye mchanga. Weka akiba ya ile tofauti unayookoa, kila mwezi, kwa siku ambayo kodi itapanda au jengo litaingia kwenye ubia.

Mng'ambo

Suala la matunzo ya majengo lina mfano mzuri Unguja. Maghorofa ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, watu wakatolewa vibanda vya Ng'ambo wakapewa nyumba zenye maji na umeme ndani. Fikra ilikuwa njema. Tabu ya majengo marefu kama yale ni kwamba ndani kuna mwenyewe, ngazi na paa hazina mwenyewe. Mahali pasipo mfuko wa pamoja wa pampu, taa za ngazi na kuzibua chemba, kila mtu hupaka rangi mlango wake na jengo linaoza.

BintiKisutu

Kweli kabisa, na mfuko huo wapangaji wanaweza kuuanzisha bila kungoja mtu. Jengo la nyumba 16, kila nyumba 10,000, ni 160,000 kwa mwezi. Inatosha taa za ngazi, usafi, na chemba kuzibuliwa kabla haijafurika. Kinachoua mifuko hii ni vitu viwili: fedha kukaa kwa mtu mmoja, na kuitumia kwa kazi za Shirika kama paa. Fungueni akaunti yenye sahihi tatu, mbandike matumizi ukutani pale ngazi ya chini kila mwisho wa mwezi.

Angalieni na mita ya maji. Majengo mengi yana mita moja ya DAWASA (mamlaka ya maji Dar) kwa nyumba zote. Mmoja asipochanga wote wanakatiwa. Uliza kabla ya kusaini: mita ni ya nani, bili inagawanywa kwa nyumba au kwa vichwa, na deni la sasa ni kiasi gani. Nyumba ya watu wawili inayogawana sawa na nyumba yenye mgahawa chini ni ugomvi wa kila mwezi.

Chausiku_M

Samahani wataalamu. Kama mpangaji anataka kuweka vigae na kubadilisha sinki kwa fedha yake, je inakatwa kwenye kodi?

MtuWaSheria

Dada Chausiku, haikatwi kwa sababu tu umetumia. Inakatwa kama umepata kibali cha maandishi kabla ya kuanza, na kibali hicho kimesema kiasi na namna ya kurejesha. Utaratibu unaoshika: picha za hali ya sasa zenye tarehe, makadirio ya mafundi watatu, yakionyesha vifaa na ufundi kando, barua ya maombi yenye muhuri wa kupokelewa, jibu la maandishi, risiti za EFD (za mashine ya kodi) za kila kifaa, kisha omba ofisa aje akague kazi ikiisha. Ukiruka jibu la maandishi, vigae vimekuwa zawadi kwa jengo. Na ukivunja ukuta bila kibali umevunja mkataba, hata kama umependezesha.

Fundi_Msimbazi

Na dada yangu, kabla ya vigae vya bafuni badilisha kwanza bomba lililo chini yake. Nyumba nyingi zimewekewa vigae vizuri juu ya bomba la chuma la miaka hamsini, mwaka haujaisha vigae vinavunjwa kutafuta uvujaji. Omba kibali cha vyote viwili kwa barua moja.

Ngosha_Kinondoni

Wakuu, nimeomba kihalali na nimeitwa kuonyeshwa nyumba Upanga, ghorofa ya tatu, juu kabisa. Niende na nini?

Fundi_Msimbazi

Ndoo ya lita 20, tochi, tepu ya kupimia, simu yenye chaji. Juu kabisa maana yake uko chini ya paa la zege, kwa hiyo anza na dari za pembeni na pale bomba la mvua linaposhukia. Madoa ya duara yenye kingo za njano ni maji ya mvua. Muulize jirani wa chini kama bafuni kwake kunavuja, maana kunakovuja kwake kunaanzia kwako. Omba kupandishwa juu ya paa uone kama maji yametuama na kama tanki lina mfuniko. Piga picha kila chumba kona nne, na kila kasoro iandikwe kwenye fomu ya makabidhiano kwa maneno kamili: "dari ya chumba cha pili, kona ya dirisha, zege limeachana, takriban sentimita 40 kwa 60." Ukiandikiwa "hali ya kawaida", usisaini mpaka irekebishwe, kwa sababu siku ya kutoka watakudai dari hiyo.

Ngosha_Kinondoni

Nimenakili yote. Nakwenda Jumatano saa mbili asubuhi kabla maji hayajatumika.